Je, Wimbo Waweza Kuua?

Watu wengi husema kwamba wimbo ni wimbo tu. Husikika leo, kesho umesahauliwa, na keshokutwa umekuja mwingine. Mzazi akikasirishwa na maneno ya wimbo unaopigwa ndani ya daladala kutoka Tengeru mpaka mjini Arusha, huambiwa, "Mzee, hayo ni burudani tu." Lakini kijana akitunga wimbo wa kuwalaumu wakubwa, mara husikia kwamba wimbo wake ni hatari kwa amani ya nchi. Kauli hizi mbili hazipatani. Wimbo hauwezi kuwa mchezo wa watoto unapomkera mzazi, kisha ukawa bunduki unapomkera mkubwa. Yafaa basi tujiulize kwa utulivu: wimbo una nguvu gani hasa? Na nguvu hiyo ikitumiwa vibaya, nani wa kulaumiwa: aliyetunga, aliyepiga redioni, aliyelipa, au aliyesikiliza na kucheza?

Swali hili si la vitabuni. Limepata kuletwa mbele ya majaji, tena hapa hapa petu, chini ya Mlima Meru. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na mwaka uliofuata Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake. Mahakama hiyo ilikaa katika jumba la mikutano ambalo kila mkazi wa mji hulijua kwa jina la AICC, hata ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Wengi waliopita nje wakienda sokoni au kazini walijua kwamba ndani walikuwa wakihukumiwa mawaziri na wakuu wa majeshi. Ni wachache waliokumbuka kwamba pamoja nao walisimama wenye redio, mwenye gazeti, mtangazaji na mwimbaji.

Rwanda ni nchi ndogo, yenye lugha moja ambayo kila mwananchi huielewa. Kwa miaka mingi ilikuwa na redio ya serikali tu, yenye taarifa kavu na hotuba ndefu. Mwezi Julai 1993 ikaanza kusikika redio mpya ya watu binafsi, Radio Télévision Libre des Mille Collines, iliyojulikana kwa herufi RTLM. Redio hiyo ilichangamka. Ilipiga nyimbo zinazopendwa, ilitia mizaha, ilizungumza lugha ya mitaani, na vijana wakaipenda. Hapo pana fundisho ambalo halifai kupitwa haraka: uovu haukuingia nyumbani mwa watu ukiwa umevaa pembe. Uliingia ukicheza dansi. Watu walipokwisha kuzoea kucheka pamoja na redio hiyo, wakazoea pia kumsikia jirani yao akiitwa mende. Na mauaji yalipoanza mwezi Aprili 1994, redio ileile ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha. Katika muda wa siku mia hivi waliuawa watu wapatao 800,000 au zaidi, walio wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Wengi wa waliosikiliza na kutii walikuwa Wakristo kama sisi. Neno hilo ni zito, lakini ni la kweli.

Kati ya nyimbo zilizopigwa na redio hiyo zilikuwamo za Simon Bikindi, mtunzi mashuhuri na kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Irindiro. Alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, akaletwa Arusha, na kesi yake ikaanza kusikilizwa mwaka 2006. Majaji walilazimika kufanya kazi ambayo majaji hawaizoei: kuzipima nyimbo neno kwa neno, mafumbo kwa mafumbo, na kuwauliza wajuzi wa lugha na utamaduni Mnyarwanda wa kawaida alielewa nini alipozisikia.

Hukumu ilitolewa tarehe 2 Desemba 2008. Majaji waliona kwamba nyimbo hizo zilipotosha historia na zilitumiwa katika kueneza chuki. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa nyimbo. Zilikuwa zimetungwa kabla ya mauaji, na haikuthibitika kwamba ni yeye aliyeagiza zipigwe redioni mwaka 1994. Walimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa jambo jingine: mwishoni mwa mwezi Juni 1994 alipita katika barabara ya Kivumu na Kayove, ndani ya msafara wenye kipaza sauti, akawahimiza watu wawaue Watutsi. Mwaka 2010 rufani yake ilikataliwa. Waanzilishi wawili wa redio, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, walikuwa wametiwa hatiani tarehe 3 Desemba 2003. Kabla yao, mwaka 2000, mtangazaji Georges Ruggiu alikiri kosa akafungwa miaka 12.

Wako watakaoona kwamba majaji walikuwa wapole mno kwa mwimbaji. Sisi twaona kwamba walitufundisha tofauti iliyo kubwa. Sheria ya haki hutaka kujua: ulisema nini, lini, kwa nia gani, na tendo gani likafuata? Haimfungi mtu kwa kuwa wimbo wake haukupendeza. Lakini pale sheria inapoishia, dhamiri haikomi. Mwimbaji asiyeweza kushitakiwa bado hana budi kujiuliza ni mbegu gani aliyoipanda masikioni mwa watu, maana mtama ukimwagwa kwa kuku wengi hauzoleki. Basi jibu letu ni hili: wimbo peke yake hauui, lakini waweza kuwazoeza watu kuua, kwa kumwondolea jirani utu wake kidogo kidogo, mpaka siku ya kumpiga panga waone kwamba wanamwua mdudu.

Tukifika hapa, wako watakaosema upesi: "Kwa hiyo serikali na izifunge nyimbo zote za siasa, tusije tukawa kama Rwanda." Hoja hii husikika mara nyingi, nasi hatuikubali. Tuangalie jambo lililotokea nchini mwetu mwishoni mwa mwezi Machi 2017. Msanii Nay wa Mitego alitoa wimbo uitwao "Wapo", wenye kuwalaumu watawala. Alikamatwa na polisi, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo. Muda si muda Waziri mwenye dhamana ya sanaa akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, na kwamba msanii aachiwe na wimbo upigwe. Msanii akaachiwa.

Wengi walishangilia, nasi hatuoni vibaya kwamba mtu alirudi nyumbani kwake. Walakini tufikiri vizuri. Wimbo ulikuwa uleule, maneno yaleyale. Kama ulikuwa mbaya, haukugeuka mwema kwa kupendwa na mkubwa. Na kama ulikuwa mwema, aliyeufungia alimdhulumu mtunzi. Kilichobadilika ni radhi ya mtu mmoja. Pale ambapo wema na ubaya wa wimbo hutegemea radhi ya mtu mmoja, neno "maadili" limekwisha kupoteza maana yake, na vijana hujifunza kutazama uso wa mkubwa badala ya kutazama ukweli.

Basi ni kipimo gani kifaacho? Twadhani kesi za Arusha zimetupa kipimo kilicho wazi. Wimbo wa haki humlaumu mtu kwa alichokitenda: mtumishi wa umma aliyekula fedha za watu, askari aliyepiga raia, tajiri aliyemnyima kibarua ujira wake. Mtu huyo aweza kujibu, aweza kujirekebisha, na kama amesingiziwa aweza kwenda mahakamani. Wimbo wa chuki humlaumu mtu kwa alivyozaliwa: kabila lake, rangi yake, nchi ya baba zake. Huyo hana la kujibu wala la kurekebisha, maana hakuchagua kuzaliwa. Wa kwanza, hata ukiwa mkali, ni sehemu ya mazungumzo ya raia. Wa pili, hata ukiwa mtamu, ni sumu. Anayeifunga midomo ya wa kwanza kwa kisingizio cha kumzuia wa pili huwatendea wananchi ubaya mara mbili: huwanyima ukweli, kisha huwafanya wadharau kila katazo, hata lile la haki.

Wako vijana wa Arusha waliotuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Kundi la X Plastaz lilichanganya sauti za Kimasai na mtindo wa kufokafoka, na mwaka 2004 albamu yao "Maasai Hip Hop" ikasikika hata Ulaya. Waliimba juu ya mwenye dhiki na maisha magumu ya mitaani. Dhiki ikitajwa kwa ukweli, si lazima pawe na kabila la kutukanwa.

Kuna tena aina ya tatu ya wimbo, ambayo walinzi wa maadili hawaitaji kabisa: wimbo wa sifa za kununuliwa. Kumsifu kiongozi kwa jema alilolitenda si kosa. Tangu enzi za bendi za mashirika ya umma na Redio Tanzania, wanamuziki wetu wameisifu nchi yao, na wengi walifanya hivyo kwa moyo mweupe. Lakini anayeimba asichokiamini kwa sababu amelipwa, huuza kitu kisicho chake, yaani imani ya wale wanaompenda. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 mashabiki wengi waliwageuzia kisogo wasanii waliokuwa wameimba katika kampeni. Hasira hatuisifu, lakini sababu yake yaeleweka. Watu walihisi kwamba sauti waliyoidhani kuwa yao ilikuwa imekodiwa.

Mwisho, tusidhani kwamba kufuli la redio latosha kututunza. Mwezi Novemba 1969 wakuu wa Dar es Salaam waliupiga marufuku muziki wa soul. Siku zile Tanzania Bara ilikuwa na redio moja ya taifa, na katazo liliweza kushika. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa liliufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa ajili ya maneno machafu. Sababu ilikuwa na uzito, wala hatuwezi kuutetea uchafu. Lakini wimbo ulioondolewa redioni hukaa katika simu ya mtoto, na hakuna afisa atakayeingia katika kila mfuko wa shati.

Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa masikio ni msikilizaji mwenyewe, na shule yake ni nyumbani. Baba na mama wasitosheke na kusema "Zima hiyo!" Wamwulize mtoto: wimbo huu unamsema nani? Unamlaumu kwa tendo lake au kwa asili yake? Je, ni kweli? Ungeuimba mbele ya yule anayesemwa? Mtoto aliyezoezwa kuuliza hivyo hatadanganywa kwa urahisi na redio, wala na simu, wala na jukwaa la kampeni. Wenye vituo vya utangazaji nao wakumbuke kwamba majaji wa Arusha hawakuupokea udhuru wa mtu kusema, "Mimi niliendesha redio tu." Na serikali yetu tunaisihi iache wimbo wenye lawama ya kweli usikike, hata kama unaumiza sikio, na nguvu zake izielekeze kwa wale wanaomfanya jirani kuwa mende.