Tupande Ua au Mwembe?



Milango mingi kwetu imepambwa bogenvilia. Ni vizuri. Tawi likichomekwa udongoni hushika, na jua la Bugarama halilitishi. (Ajabu yake, ile rangi tunayoiita ua ni majani tu, ua lenyewe ni lile dogo jeupe la katikati.) Lakini mwembe, unaopenda joto hili la bondeni, hatuupandi. Sababu twaijua sote. Mwembe wa kokwa hungojwa miaka 5 au zaidi, na kuupanda ni kama kukiri kwamba hatutarudi.

Waliohamishwa Babeli walijaribiwa vivyo hivyo. Nabii Hanania alitangaza kwamba wangerudi ndani ya miaka 2 (Yer. 28). Nani basi angepanda mti? Yeremia akawaandikia barua, akawataka wajenge, wapande bustani na kula matunda yake, kwa kuwa miaka ni 70 (Yer. 29). Na barua hiyo hiyo ndiyo iliyowaahidi kurudi.

Wengi wetu tuliacha miembe ng'ambo ya Ruhwa na ya Rusizi. Kuikumbuka kunauma: nani anaila leo? Lakini nasi tulipofika hapa tulikula maembe ya mti tusioupanda.

Bogenvilia tusiing'oe. Ila kokwa ya embe haikai, ikikauka haioti. Wenye kokwa wazilete Jumapili baada ya ibada. Vijana wanatayarisha kitalu nyuma ya kanisa.