Kikohozi Kilichovuka Misimu

Kipupwe kikiingia Bumbuli, kuanzia Juni hadi Agosti, nyumba isiyo na mtu anayekohoa ni ya kutafutwa. Ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, mlango wa jiko unafungwa, moshi unabaki ndani. Tunachemsha tangawizi, tunakamulia limau, tunasema ni baridi tu. Mara nyingi ni kweli. Ndiyo maana ni rahisi kwetu sote, nami nikiwemo, kusema hivyohivyo hata siku ambayo si kweli.

Kusingizia baridi hakukuanza kwetu. Lawrence Washington wa Virginia alikuwa kaka, kwa baba, wa George Washington aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani. Kikohozi kilipomshika mwishoni mwa miaka ya 1740, kilimzuia hata kuhudhuria baraza la wawakilishi. Mwaka 1749 alivuka bahari kwenda kuonana na matabibu wa Uingereza. Akarudi anakohoa. Akaenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya uvuguvugu. Akarudi anakohoa. Septemba 1751 akapanda meli na mdogo wake huyo, George, kwenda kisiwa cha Barbados, maana matabibu wa karne ile waliamini hewa ya joto huponya mapafu. Daktari wa huko akampa matumaini. Lakini joto lenyewe lilimchosha, akawa anaweza kutoka na farasi alfajiri tu. Mdogo wake akaugua ndui, akapona. Yeye akahamia Bermuda, akazidiwa, akarudi nyumbani kufa tarehe 26 Julai 1752, akiwa na miaka 34. Kilikuwa kifua kikuu.

Tuitazame vizuri hiyo Barbados. Kama tatizo lingekuwa baridi, kikohozi kingeishia Virginia. Kilimfuata mpaka penye jua kali, na bado jawabu likawa kutafuta kisiwa kingine. Hatuwezi kumlaumu. Robert Koch alitangaza kijidudu cha ugonjwa huu mwaka 1882, na dawa ya kukiua ilipatikana miaka ya 1940.

Sisi dawa tunazo. Tena ni hapahapa Tanzania, kuanzia mwaka 1977, ambapo daktari Karel Styblo na wataalamu wetu walijenga utaratibu wa tiba uliokuja kuigwa duniani. Matibabu ni bure, kwa kawaida miezi sita.

Basi jamani, tusiangalie kalenda ya baridi, tumwangalie mtu. Amekohoa wiki mbili? Jioni anapata homa, usiku shuka linalowa jasho? Sweta lililomkaa vizuri mwaka jana sasa linampwaya? Mvua za vuli zimeanza na bado anakohoa, na chupa ya tatu ya dawa ya dukani imekwisha? Apelekwe hospitali akatoe makohozi yapimwe, hata kama anasema ana nafuu. Akianza dawa asiziache mwezi wa pili kwa sababu amepata nguvu ya kushika jembe. Na watoto wanaolala naye chumba kimoja wapelekwe kuchunguzwa wiki hiyohiyo.