Deni la Msanii: Kuhusu Maadili ya Kuchanganya Mitindo

Je, msanii anayechanganya mitindo ya wengine ni mrithi au ni mwizi? Swali hili lilizuka upya tangu miaka ya 1960, bendi za Uingereza zilipochanganya bluzi, jazi na roki. Bluzi ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa Kusini, si London. Kwa hiyo wapo wanaoshikilia kwamba mchanganyiko wa aina hiyo ni uporaji mtupu.

Dai hilo haliwezi kutetewa hadi mwisho. Msikilizaji wa Embu anayefurahia benga kwa lugha za Mlima Kenya anafurahia mtindo uliochipuka kwa Wajaluo wa Nyanza, ambao gitaa lake huiga uchezaji wa nyatiti. Gitaa lenyewe lilitoka ng'ambo. Hata bendi ya D. O. Misiani iliitwa Shirati Jazz, ilhali iliyopiga ni benga. Ikiwa kila mchanganyiko ni wizi, basi hakuna asiye mwizi, na neno lenyewe linapoteza maana.

Hata hivyo, wizi upo. Mwaka 1969 Led Zeppelin ilitoa "Whole Lotta Love" bila kumtaja Willie Dixon, mtunzi wa "You Need Love", uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Dixon alishtaki mwaka 1985, na suluhu ikapatikana nje ya mahakama mwaka 1987. Mgogoro huo ulihusu maneno ya mtunzi mmoja aliyekuwa hai, wala haukuhusu bluzi kama mtindo.

Yafaa basi kutofautisha madeni mawili. Utungo ni wa mtu, na deni lake hulipwa kwa jina na kwa haki ya mtunzi. Mtindo ni wa jamii, na deni lake hulipwa kwa kumbukumbu: mwanamuziki wa Embu anayeuita muziki wake benga amekwisha kukiri alikoutoa.

Itapingwa kwamba jina halishibishi. Pingamizi hili ni zito. Mwanamuziki wa Embu na mwenzake wa Nyanza huuza katika soko moja, kwa nguvu zinazokaribiana; bendi ya London na mpigaji wa bluzi wa Mississippi hawakuwa hivyo. Pale mkopaji anapomzidi mkopeshaji kwa nguvu za soko, kumtaja ni mwanzo tu wa kulipa. Mhakiki anayepima uasili wa kazi pasi na kupima uwiano huo atakuwa amelihukumu jambo nusu.