Mkono wa Kwanza wa Rangi



Siku chache kabla ya Kwaresima iliyopita, mjukuu wetu tunayekaa naye hapa Kinondoni alileta nyumbani tangi la kioo la kufugia samaki. Alikusudia kuweka mbuna, wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa ambao mama yao huatamia mayai kinywani. Ninyi mliozaliwa Liuli au Mbamba Bay mmewaona miambani.

Tulipoliweka tangi ukutani, nyuma yake zikaonekana nyaya, mpira wa hewa, na ukuta wetu ambao tusiuseme. Tena samaki aliyezoea mwamba mgongoni hatulii akiona watu pande zote. Basi tukaamua kupaka kioo cha nyuma rangi nyeusi ya maji, kwa upande wa nje, maana rangi haifai kuwagusa samaki.

Brashi tulishika wenyewe, kwa kuwa mwalimu mstaafu hudhani ajua yote. Kioo hatukukifuta. Mkono wa kwanza ukatoka na michirizi, na vumbi likanasa. Tukasema, si neno, wa pili utafunika. Tukapaka wa pili, na ulipokauka, wa tatu. Kwa nyuma ungedhani ni ubao mpya wa darasani. Mjukuu akaligeuza tangi, akacheka, “Babu, hebu njoo huku mbele.” Michirizi yote ilikuwapo, na vumbi, na alama ya kidole gumba chetu.

Ukutani, mkono wa mwisho wa rangi ndio unaoonekana. Kwenye kioo ni kinyume: ule wa kwanza ndio unaotazama chumbani, na yote inayofuata hujificha nyuma yake. Hata ukipaka mara 10, doa halitoki. Tulikaa jioni nzima na wembe, tukikwangua.

Tukikwangua, tulimkumbuka mfalme Daudi (2 Samweli 11). Alipokwisha kumtwaa Bath-sheba, alimwita Uria kutoka vitani ili akalale nyumbani kwake; Uria akalala mlangoni pa mfalme. Kesho yake akamlevya. Hilo nalo liliposhindikana, akamwandikia Yoabu barua ya kifo, na Uria mwenyewe ndiye aliyeibeba. Kisha akamwoa mjane. Huenda Yerusalemu walimsifu mfalme mwenye huruma kwa wajane wa askari wake. Lakini Mungu alikuwa ameketi upande wa mbele wa kioo, naye akamtuma Nathani, mwenye wembe.

Tungependa kuishia kwa Daudi, kwa kuwa alikufa zamani na hawezi kutuaibisha.

Lakini tulipokuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu, fedha za bweni zilipotea, nasi tulimtaja mwanachuo mmoja mbele ya chuo kizima kuwa ni mwizi. Wiki ile ile tukaziona katika mtoto wa meza yetu wenyewe. Hatukusema. Tulimpa alama nzuri za mazoezi ya kufundisha. Tukamwandikia barua njema ya kumwombea kazi. Alipooa, tukatuma zawadi. Na kila Jumapili, kwa miaka zaidi ya 30, tumepiga magoti tukaungama kwa jumla, maana kwa jumla hakuna aibu.

Yeye sasa ni mwalimu, anakaa Mbagala. Juma la pili la Kwaresima tukapanda gari. Tulimkuta uani akisahihisha madaftari. Akainuka upesi, “Shikamoo, Mwalimu.” Chai ikaletwa, nasi tukaisifu chai, tukausifu na mti wake wa mwembe, huo nao ulikuwa mkono mwingine wa rangi. Hatimaye tukasema, “Zile fedha zilikuwa katika mtoto wa meza yetu. Tulijua wiki ile ile.”

Alinyamaza muda mrefu, akiigeuza kalamu nyekundu mkononi. Kisha akasema, “Mama yangu alikufa akiamini niliiba, Mwalimu.”

Hatukuwa na la kumjibu. Akawaita mkewe na wanawe watatu, wakaja wakasimama karibu na meza, mdogo bado ana povu la sabuni mikononi. Akatuomba tuseme tena, wote wasikie.

Tukasema tena.