Dhabihu Isiyo na Kinyongo

Andiko: 2 Samweli 24:18-25, Yohana 10:17-18



Dada mmoja alinijia baada ya ibada na swali ambalo bado liko nami. Yeye ni kifungua mimba kwao. Kwa miaka sita amelipa karo ya wadogo zake, na kila mwisho wa mwezi simu inalia: mara unga umeisha, mara dawa ya mzee. "Pastor, mimi hutuma," akaniambia, "lakini nikishatuma nalia kwa hasira. Mungu anaipokea kweli dhabihu kama hiyo?"

Ukimjibu haraka utakosea. Ukisema, "Vumilia tu, utabarikiwa," umemwongezea mzigo. Ukisema, "Acha, jipende kwanza," watoto wamekosa shule.

Turudi kwa Neno. Daudi alipotaka kumjengea Bwana madhabahu, Arauna alimpa uwanja, ng'ombe na kuni, vyote bure. Daudi akakataa. Alilipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu chochote. Kwa hivyo, kuumia ukitoa si dhambi. Dhabihu ina gharama.

Lakini maumivu peke yake hayafanyi kitu kuwa dhabihu. Hata ukiibiwa simu unaumia, na hakuna atakayesema umetoa sadaka! Yesu alisema wazi kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Tofauti iko hapo. Tena hakuyapenda mateso. Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Waebrania 12:2 inatuambia aliustahimili msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake. Upendo ulimpeleka, tumaini likamshikilia.

Basi nilimwambia dada: piga hesabu ya kile unachoweza kutoa kwa moyo, kisha keti na wazazi uwaambie kwa heshima. Wadogo wako wakubwa nao wabebe sehemu yao. Paulo anafundisha kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa kulazimishwa (2 Wakorintho 9:7). Kidogo cha hiari kinajenga nyumba kuliko kingi cha kinyongo.

Na wewe unayepokea, je? Mashujaa watatu walihatarisha maisha wakamchotea Daudi maji ya kisima cha Bethlehemu. Aliyaona kama damu yao, akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana (2 Samweli 23:15-17). Kumbe ile pesa inayoingia kwa simu yako ni chakula cha mchana ambacho mtu hakula! Wiki hii mpigie usiombe kitu. Sema asante tu, kisha umwombee.

Sala: Bwana Yesu, uliyejitoa kwa hiari, ondoa kinyongo mioyoni mwetu. Tufundishe kutoa kwa upendo na kupokea kwa shukrani. Amina.