Nyangumi wa Bahama na Suala la Nia

Machi 2000 nyangumi 16 walikwama katika fukwe za Bahama wakati manowari za Marekani zilipokuwa zikipiga sauti kali majini za kutafutia nyambizi. Baadhi wakafa, waliochunguzwa walikutwa damu imevuja karibu na masikio.

Je, kuna dhambi pasipo kusudi? Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia, na mabaharia wale hawakukusudia kuua. Twakubali. Lakini Desemba 2001 serikali yao yenyewe ilikiri katika taarifa kuwa sauti hizo ndizo zilizoelekea kuwa sababu. Hapo udhuru wa kutojua ulikwisha. Apigaye tena sauti hiyo mahali wakaapo nyangumi hao, hata kama hakitaki kifo chao, amekiridhia.