Mwezi Kumi na Nane

Maji ya Mto Kilombero hayaishii Ifakara. Yakishakutana na Luwegu yanakuwa Rufiji, na Rufiji inamwagika baharini kaskazini ya Kilwa. Kijana wa kisa hiki, jina lake tulihifadhi, alikwenda huko huko kutafuta riziki, ila yeye alipanda basi. Alikulia kivukoni Ifakara akivusha watu kwa mtumbwi, upondo mkononi, akijua viboko wanakolala na mamba wanakoota jua. Daraja lilipozinduliwa mwaka 2018, urefu wake mita 384 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, abiria wakapita juu kwa magurudumu, upondo ukaegeshwa ukutani.

Kilwa Masoko alipata mashua ya mashine, ya kukodi. Meli za kitalii zilikuwa zikitia nanga huko na kushusha Wazungu kwa boti za mpira, waende Kilwa Kisiwani kutembea kwa miguu kwenye magofu. Matembezi yenyewe ni ya saa chache: Gereza, Msikiti Mkuu, Makutani, kisha haya, melini. Mji ule haukujengwa kwa ajili ya watu wa haraka. Mfanyabiashara wa Uarabuni aliletwa na kaskazi, akauza bidhaa zake, akanunua pembe na dhahabu ya Sofala, akakaa miezi akingoja kusi imrudishe kwao. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayetajwa kujenga Husuni Kubwa, kasri lenye bwawa la pembe nane juu ya genge la bahari. Kutaka kuyamaliza yote hayo kabla ya chakula cha mchana ni tamaa, lakini tiketi ya meli ndivyo inavyosema.

Siku moja mume na mke, watu wazima wenye mvi, walijitenga na kundi. Walitaka kuiona Husuni Kubwa, ambayo iko upande wa mashariki, mbali kidogo na magofu mengine. Kijana akawaambia kwa mashua ni hapo tu. Saa tatu asubuhi, karibu na Gereza, wakapishana na bibi mmoja wa kisiwani, ndoo mkononi, anashuka ufukweni kuokota chaza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wageni unawapeleka wapi?"

"Husuni. Tunarudi sasa hivi."

"Leo mwezi kumi na nane. Adhuhuri maji yatakuwa makavu. Mashua iache hapa, uwapeleke kwa miguu."

"Bibi, mimi nimezaliwa majini!"

Hakusema uongo. Lakini maji aliyozaliwa nayo hupanda masika na kushuka kiangazi. Mtumbwi ukiufunga jioni, asubuhi unaukuta unaelea. Bahari hujaa na kupwa mara mbili usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita tatu. Ndiyo maana yule bibi alianza na tarehe ya mwezi, ndipo akataja adhuhuri.

Wakapita kwenye mikoko, wakapanda juu, wakapiga picha bwawa na kuta za matumbawe. Bwana alikuwa na goti bovu, wakaenda polepole. Waliposhuka, saa tano na nusu, mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, mashine inaning'inia hewani, na bahari imesogea mbali. Kijana akasukuma. Akavunja mti wa mkoko akaufanya upondo, akauchomeka. Ukazama kwenye tope, hakuweza hata kuuchomoa. Nusu saa ikapotea hapo. Njia ya nchi kavu ya kurudi Gereza ipo, na ingewatosha, ila yeye hakuijua, kwa kuwa siku zote alikuja kwa maji. Akawapitisha pwani, katikati ya mizizi ya mikoko, mama wa watu akiwa na kandambili. Makombe ya chaza yakamchana wayo.

Boti ya mwisho iliondoka saa saba kamili. Melini walihesabu abiria, wawili hawapo, wakaita kwenye redio, wakangoja kidogo. Halafu meli ikang'oa nanga kwenda Zanzibar, maana bandari nayo ina zamu yake. Wazee wale walikuta kwa wakala wa meli pasi zao za kusafiria na mfuko wa dawa, basi. Gari la kukodi hadi Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 300, na boti ya kwenda Unguja, vyote walijilipia wenyewe.

Mwenye mashua hakumfukuza kijana moja kwa moja. Alimpa sharti: afanye kazi ya ubaharia chini ya nahodha wa kisiwani kuanzia mwezi unapoandama hadi uandame tena, kwa chakula tu, ndipo akabidhiwe mashua. Kijana aliona amedharauliwa. Sasa anaendesha bodaboda Ifakara, na kijiweni akiulizwa habari za Kilwa anaeleza kwamba Wazungu wale walikuwa wazito mno wa kutembea.